Benki ya Wakulima ya Owatonna: Jengo na Akiba

Chama kinapofikia hatua ya kujenga ofisi yake, wanachama hupenda iwe nyumba ya kuwapa heshima. Ndipo huzuka swali katika mkutano: je, jengo zuri huongeza usalama wa akiba? Historia ya benki moja ya wakulima husaidia kulijibu.

Owatonna ni mji mdogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, uliozungukwa na mashamba ya nafaka na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1906 Carl Bennett, makamu wa rais wa National Farmers' Bank, alikuwa akitafuta msanifu wa majengo. Zama hizo benki nyingi za nchi ile zilijengwa kwa mfano wa mahekalu ya kale ya Wayunani na Warumi, zikiwa na nguzo nene mbele. Bennett aliona kwamba sura hiyo haikueleza kazi ya benki wala maisha ya wateja wake. Baada ya kusoma makala ya Louis Sullivan wa Chicago, aliyefundisha kwamba umbo la jengo sharti litokane na kazi yake, alimwita aifanye kazi hiyo.

Jengo lilikamilika mwaka 1908. Umbo lake ni kama sanduku kubwa la kuwekea mali, lenye upana wa futi 68. Msingi wake ni wa mawe mekundu ya mchanga, na juu yake zimejengwa kuta za matofali. Pande mbili zinazotazama barabara zina tao moja moja kubwa, lililojazwa vioo vya rangi. Mapambo yake ya udongo wa kuchoma, mengi yakiwa yamechorwa na George Elmslie, msaidizi wa Sullivan, yamefuata maumbo ya majani na mimea.

Ndani mna ukumbi mmoja mpana wenye mwanga mwororo. Ukutani Oskar Gross alichora ng'ombe malishoni na watu wakivuna, hivyo mkulima aliyeleta fedha zake aliiona kazi yake mwenyewe imepewa mahali pa heshima. Tena wakulima walitengewa chumba chao cha kukutania, na wanawake chao.

Hata hivyo, uzuri huo haukuiokoa benki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei za mazao zilipanda, na wakulima wengi wa Marekani wakakopa ili wanunue ardhi kwa bei kubwa. Kuanzia mwaka 1920 bei zilianguka, mikopo ikawa haifanyiki rahisi kulipika, na benki nyingi za mashambani zikafilisika. Ile ya Owatonna ilifungwa mwaka 1926. Kuta zilikuwa imara. Lakini akiba za watu hazikuwa ndani ya kuta, zilikuwa ndani ya mikopo. Bima ya serikali kuu kwa akiba za benki ilikuwa bado haijawekwa. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1933.

Jengo lenyewe lilibaki na kuendelea kutumiwa na benki nyingine. Mwaka 1940 sehemu za ndani zilibadilishwa, na baadhi ya mapambo ya asili yakapotea. Matengenezo ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyasimamia kwa uangalifu yale yaliyosalia, na mwaka 1976 likatangazwa kuwa jengo la kihistoria la taifa.

Basi halmashauri inayopanga kujenga yafaa ijifunze mambo mawili. La kwanza, ofisi ijengwe kwa kumfikiria mwanachama: mahali pa kuketi, mwanga wa kutosha, na chumba cha kuzungumzia shida yake kwa faragha. La pili, kabla ya ramani ya jengo kupitishwa, katibu aweke mezani orodha ya mikopo: nani anadaiwa, kwa dhamana gani, na ni kiasi gani kinategemea zao moja. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kama akiba ya wanachama iko salama.