Samaki Mkavu Kwenye Zawadi za Heshima

Ukinunua zawadi ya harusi au ya Mwaka Mpya nchini Japani, muuzaji ataifunga kwa karatasi nyeupe iliyochapwa alama ndogo kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Alama hiyo huonyesha karatasi nyekundu na nyeupe iliyokunjwa, na ndani yake umepita utepe mwembamba wa rangi ya manjano. Huitwa noshi. Utepe huo ni nyama kavu ya awabi, konokono mkubwa wa baharini anayebanduliwa kwenye miamba. Zamani nyama yenyewe ndiyo iliyofungwa juu ya zawadi. Leo wengi hutumia picha tu, lakini adabu zake zimebaki. Zawadi ya rambirambi haiwekwi noshi, kwa sababu desturi ya Kibudha huwataka wafiwa wajiepushe na samaki na nyama. Na mtu akipeleka zawadi ya samaki, noshi huachwa pia, maana kitoweo cha baharini tayari kimo.

Katika kijiji cha Kuzaki, mkoani Mie, noshi ya kweli ingali inatengenezwa. Awabi huzamiwa na wanawake waitwao ama, wanaoshuka chini kwa pumzi zao wenyewe bila mitungi ya hewa. Wazee wa kijiji humzungushia kisu konokono huyo hadi nyama itoke kama utepe mrefu, kisha huianika, huilainisha na kuinyoosha kwa kipande cha mwanzi, na kuipeleka kuwa sadaka katika hekalu la Ise, lililo kuu kuliko yote ya dini ya Shinto. Idadi ya ama imepungua sana, na waliobaki wengi ni wazee. Linanihuzunisha jambo hilo, maana picha ya noshi inachapwa kwa mamilioni huku mikono inayoijua noshi yenyewe ikizidi kupungua.

Kwetu pwani, ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, ni kitoweo cha siku ambazo bahari imechafuka na madau hayatoki. Huliwa kwa hamu, ila si kitu cha kupelekwa ukweni. Japani imempa samaki aliyehifadhiwa daraja jingine kabisa: hupelekwa kwa miungu, kwa maharusi na kwa wakubwa wa nyumba.

Katsuobushi inaonyesha hilo wazi. Hutengenezwa kwa katsuo, jodari mdogo mwenye michirizi tumboni. Samaki hukatwa minofu, huchemshwa taratibu kwa muda wa saa moja au zaidi, akatolewa miiba kwa vibano, kisha akapandishwa juu ya moshi wa kuni ngumu. Hafukizwi mara moja. Hufukizwa, hupumzishwa, hurudishwa tena motoni, kwa majuma kadhaa, hadi awe mweusi na mgumu. Wanaotaka daraja la juu huendelea: hukwangua masizi, huacha ukungu maalumu uote juu yake, humwanika juani, kisha humrudisha chumbani ukungu uote tena. Ukungu huo hunyonya unyevu uliobaki na kula mafuta. Baada ya miezi minne hadi sita kipande hulia kama gongo kikigongwa kwa kingine, na hakiliki bila kisanduku chenye randa, kifaa kilichofanana kabisa na cha seremala kilichogeuzwa juu chini.

Mnofu wa mgongoni huhesabiwa kuwa dume, na wa tumboni kuwa jike. Ikiwekwa pamoja inashikana vizuri, na ndiyo maana jozi hiyo hupelekwa harusini kuwaombea maharusi maisha ya kushikamana. Sijui zawadi nyingine ya harusi iliyobeba kazi ya miezi sita na bado ikaishia kwenye sufuria ya supu.

Maana supu ndiyo mwisho wake. Vipande vilivyorandwa hutiwa katika maji ya moto yaliyokwisha kulowekwa kombu, mwani mpana mkavu wa Hokkaido, na kinachopatikana ni dashi, msingi wa mapishi mengi ya huko. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alitambua kwamba ladha ya kombu inatokana na glutamati. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akaonyesha kwamba katsuobushi ina inosinati. Vikikutana, kila kimoja hukuza ladha ya mwenzake. Wapishi walikuwa wakiviunganisha kwa vizazi vingi kabla ya maabara kueleza sababu. Na kombu hiyo ilisafiri mbali: meli za kitamaebune ziliibeba kutoka kaskazini kupitia Bahari ya Japani hadi Osaka, na ikafika hata Okinawa, kisiwa ambacho maji yake ni ya vuguvugu mno kuotesha mwani huo.

Katika mji wa Murakami, mkoani Niigata, samaki wa heshima ni samoni. Hupakwa chumvi, hupunguzwa chumvi majini, kisha huning'inizwa chini ya paa ili upepo wa baridi umkaushe. Tumbo lake halipasuliwi moja kwa moja. Katikati huachwa kipande kisichokatwa, kwa sababu ulikuwa mji wa samurai na kupasua tumbo kulikumbusha kifo. Vilevile hafungwi shingoni, bali mkiani. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya baba wa nyumba hupewa pande lililo karibu na pezi la kwanza. Upande wa magharibi mwa nchi nafasi hiyo ya samoni huchukuliwa na samaki aitwaye buri.

Kuhifadhi samaki kwa barafu kumekuja baadaye, kukakuta nyumba ina wenyeji. Nyama ya jodari mkubwa hugeuka kahawia hata ndani ya friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika nyuzi 60 chini ya sifuri mabadiliko hayo karibu husimama. Meli za Japani, ambazo tangu miaka ya 1950 huvua pia katika Bahari ya Hindi, humtoa jodari damu, matumbo na mashavu papo hapo, kisha humgandisha. Katika soko la samaki la Toyosu mjini Tokyo, lililofunguliwa mwaka 2018 kuchukua nafasi ya soko la Tsukiji, wanunuzi humulika tochi kwenye mkato wa mkia na kusugua unyuzi wa nyama vidoleni kupima mafuta. Wanaodhani aliyegandishwa ni wa pili kwa ubora wawatazame watu hao wanavyomchunguza.

Hata katsuobushi sasa huanzia kwenye ubaridi. Jodari wengi wanaopelekwa Makurazaki na Yaizu, miji iliyo miongoni mwa inayoongoza kwa kazi hiyo, waligandishwa melini. Nyumbani nako randa imekuwa adimu tangu kampuni ya Ninben ya Tokyo ilipoanza mwaka 1969 kuuza katsuobushi iliyokwisha kurandwa, katika pakiti ndogo. Pakiti zimewarahisishia kazi mama wengi, na siwezi kuzilaumu. Lakini harufu ya kipande kilichorandwa sasa hivi haihifadhiki, na mwenye kisanduku cha bibi yake asikigawe.