Kompyuta Mpakato Iliyoachwa na Windows 10: Namna ya Kusakinisha Linux Bila Kupoteza Nyaraka Zako

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wananchi wengi hawakuona tofauti yoyote. Hata hivyo, tofauti ipo: kasoro mpya ya usalama ikigundulika, haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wenye muda maalumu. Mtu anayetumia kompyuta hiyo kuingia benki au kutuma maombi ya kazi anaendelea kufanya hivyo kwenye mlango ambao kitasa chake hakitengenezwi.

Kuhamia Windows 11 hakuwezekani kwa kila mtu. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0 pamoja na prosesa zilizomo katika orodha ya Microsoft, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo. Hizo ndizo kompyuta zilizokwishatumika ambazo wengi wetu hununua. Nyingi bado ni nzima, na zinaweza kuendelea kutumika kwa usalama zikiwekewa Linux.

Linux ni mfumo endeshi uliojengwa kwa kufuata mtindo wa Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Msomaji anayedhani hajawahi kuutumia huenda anao mfukoni, kwa kuwa simu zote za Android zinaendeshwa na kiini hicho. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa kutafsiri programu huria, uliozaa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Yapo matoleo mengi ya Linux, kama vile Debian, Ubuntu na Fedora. Kwa aliyezoea Windows, mwandishi anapendekeza Linux Mint, kwa sababu mpangilio wake wa skrini hauhitaji kujifunza upya. Toleo hilo linahitaji angalau GB 2 za RAM na GB 20 za nafasi katika diski, ingawa GB 4 za RAM huleta utulivu zaidi.

Kabla ya hatua yoyote, hifadhi nakala za nyaraka zako nje ya kompyuta hiyo. Jambo hili linasemwa kila mara na kupuuzwa kila mara. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipuuza, akachagua kufuta diski nzima akiamini kwamba folda ya picha ilikuwa tayari kwenye flashi, kumbe ilikuwa imenakiliwa nusu. Picha za mahafali ya mdogo wake hazikupatikana tena. Baada ya kunakili, fungua faili kadhaa kutoka kwenye diski ya nje, ikiwezekana kwa kutumia kompyuta nyingine, ujiridhishe kuwa zinasomeka. Usisahau nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari na faili zilizoachwa juu ya skrini.

Jambo la pili ni BitLocker, huduma ya Windows inayofunga diski kwa siri. Katika baadhi ya kompyuta hujiwasha yenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukikusudia kubaki na mifumo yote miwili, andika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48, kisha uizime na usubiri diski ifunguliwe yote. Zima pia kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, kwani hufanya kompyuta isizimike kabisa na kuiacha diski ikiwa imeshikiliwa.

Sasa pakua faili la mfumo kutoka tovuti rasmi, linuxmint.com. Lina takriban GB 3, hivyo panga bando lako mapema. Aliye na faili hilo anaruhusiwa kisheria kukunakilia bure. Lakini lilikotoka popote, hakiki alama yake ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, kwa kuilinganisha na ile iliyochapishwa na watengenezaji. Tahadhari hii si ya kinadharia: mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lililotiwa sumu.

Liandike faili hilo kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulinakili kama unavyonakili wimbo hakutoshi, na kila kilichokuwamo kwenye flashi hufutika. Kisha zima kompyuta, chomeka flashi, uwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwakia. Kwa Dell nyingi ni F12, kwa HP ni F9.

Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Usiharakishe hapa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Wi-Fi ikigoma, jambo linalotokea katika baadhi ya kompyuta za zamani, unganisha simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti yake hadi kiendeshi kinachohitajika kipakuliwe. Ikiwa kuna kifaa muhimu kisichofanya kazi, toa flashi na uwashe upya. Windows yako itakuwa kama ulivyoiacha.

Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha. Maswali mengi ni mepesi: lugha, kibodi, saa za eneo. Swali moja tu ndilo zito, nalo linahusu diski: kusakinisha kando ya Windows, au kufuta diski yote. Soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali, hasa ikiwa diski ya nje yenye nakala zako bado imechomekwa. Ni heri kuichomoa. Hakikisha pia betri imejaa, kwa kuwa umeme kukatika wakati diski inagawanywa kunaweza kuharibu vyote vilivyomo.

Mfumo ukishawaka, ruhusu masasisho yote kwanza. LibreOffice huja nayo na hufungua nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa jedwali tata huweza kusogea kidogo. Huduma zinazotolewa kupitia kivinjari, kama vile Ajira Portal na mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, hufunguliwa kwa Firefox kama kawaida. Programu zilizoundwa kwa ajili ya Windows pekee, zikiwamo baadhi za uhasibu na za usanifu wa majengo, ni suala jingine. Anayezitegemea kwa kazi ya kila siku abaki na mifumo yote miwili, na upande wa Windows autumie bila kuunganisha intaneti. Flashi ya kusakinishia isifutwe mapema, kwani ndiyo itakayoiwasha kompyuta siku diski itakapokataa.