Vielezi vya Kihispania na Wakati Uliopita Karibuni

Kijana mmoja wa Sekei, Arusha, ajifunzaye Kihispania ili aongoze watalii, aliniletea daftari lake la mazoezi. Sentensi "Mgeni amefika jana" aliifasiri "El huésped ha llegado ayer", na mwalimu wake, mwenyeji wa Madrid, aliikata kwa wino mwekundu. Kijana aliuliza kosa ni lipi, maana kila neno lilikuwa mahali pake.

Kosa limetokana na -me- yetu. Kiambishi hiki hutazama hali iliyobaki baada ya tendo: mgeni amefika jana na yupo bado, anakunywa chai barazani. (Najua wako wasahihishaji wasioipenda sentensi hiyo, hata hivyo husemwa kila siku.) Lakini "ha llegado" ya Madrid hutazama kipindi cha wakati, na kielezi ndicho kikitajacho kipindi hicho. Pakiwapo "hoy", yaani leo, au "esta mañana", leo asubuhi, kipindi hakijafungwa, nao husema "ha llegado" hata kama mgeni amekwisha kuondoka. Pakiwapo "ayer", jana, kipindi kimefungwa, na hapana budi kusema "llegó". Basi mwanafunzi Mswahili na achague kielezi kwanza, ndipo atafute kitenzi.

Kanuni hii haivuki bahari bila kubadilika. Huko Buenos Aires watu husema "hoy llegó" pasipo wasiwasi, na "recién llegó" kwa maana ya "amefika sasa hivi". Nchini Hispania "recién" hutangulia sifa zitokanazo na vitenzi tu, kama "recién nacido", mtoto aliyezaliwa karibuni. Penye kitenzi chenyewe husema "acaba de llegar", neno kwa neno "anamaliza kufika", ambapo sisi husema "ndiyo kwanza amefika".

Kielezi kilicho karibu nasi zaidi ni "ahora". "Sasa hivi" yetu huenda nyuma na mbele: "ametoka sasa hivi", "naja sasa hivi" (naye angojaye atafute kiti). "Ahora" ni vivyo hivyo, na "ahorita" ya Mexico huzidi. Hapo kielezi hakitoshi. Kitenzi ndicho kiamuacho. Kiongozi asemaye "los elefantes pasan ahora" amewaambia wageni kwamba tembo wanapita au wako karibu kupita. Kama wamekwisha kupita, na aseme "acaban de pasar", la sivyo wageni watashika kamera zao wakingojea tembo waliokwisha kuingia msituni.