DJ, usigombanishe nyimbo!

Wiki hii nakupeleka kwetu Mollo, Sumbawanga, ambako baridi ya Ufipa ikikukuta huna sweta utajuta. Mwezi wa saba, mahindi yakishaingia ndani, harusi zinaanza, na sisi ma-DJ ndiyo tunavuna.

Basi bwana, siku hiyo ukumbi umejaa, mashangazi wako kati, na mimi nimetinga miwani ya giza usiku. Wimbo uliokuwa hewani ulikuwa na mapigo 112 kwa dakika. Niliotaka kuuingiza ulikuwa na 106. Nikaukaza mpaka 112, nikasikiliza kwenye hedifoni, ngoma zimekaa sawa kama gwaride. Nikaachia.

Loh! Watu wakasimama. Kinanda huku, mwimbaji kule, kama redio mbili kwenye basi moja. Mama mmoja akanisogelea: "Mwanangu, mbona nyimbo zako zinagombana?" Sikuwa na jibu. Kamati ikanilipa nusu, na hiyo nusu yote ikaishia kwa mwenye spika niliyemkodi.

Nikarudi shule ya muziki ya chumbani kwangu. Kumbe ni hesabu tu! Ukiongeza kasi ya wimbo kwa karibu asilimia 6, sauti zake zote zinapanda nusu hatua. Kutoka 106 kwenda 112 ni hapohapo. Nyimbo zile zilikuwa kwenye kii moja, zinaelewana kabisa. Mimi ndiye niliyezigombanisha.

Wakongwe walilijua hilo zamani. Mashine ya sahani ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, ina kidude cha kuongeza au kupunguza kasi mpaka asilimia 8, na ukikisukuma tu, sauti nayo inafuata. Wapiga techno walikuwa na nafuu: ngoma nyingi, waimbaji wachache. Programu za leo zina kitufe cha kufunga kii, kasi ikabadilika na sauti ikabaki palepale. Mimi sikukibonyeza!

Programu nyingi pia hupanga kii kwa duara la namba 1 hadi 12, herufi A kwa maina na B kwa meja. Ukiwa 8A, nenda 7A, 9A, 8B au baki hapohapo. Ila programu nazo huchemsha, kwa hiyo sikio lako ndilo liamue.

Na singeli je? Vijana wa Sisso kule Mburahati, Dar es Salaam, ambao Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zao mwaka 2017, wanakimbiza mapigo 200 na ushee. Usiogope. Amapiano ya 112 ukiizidisha mara mbili ni 224. Tafuta singeli ya hapo, pigo moja la huku libebe mawili ya kule, na mchezaji hajikwai.

Hujui kii? Subiri mwimbaji anyamaze, kata besi ya wimbo mmoja, ungia kwenye ngoma tupu.

Msimu uliofuata nikaitwa tena Mollo. Mama yule alicheza mpaka kilemba kikadondoka, na kamati ikanilipa zote. Haya, tukutane wiki ijayo, na sweta usisahau!