JE, WAJUA? Chanjo ya ng'ombe iliongeza miti Serengeti

Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, uliteketeza ng'ombe na kuwaacha wafugaji wengi, Wamaasai wakiwemo, mikono mitupu. Haukuishia zizini. Uliwashambulia nyati na nyumbu pia, na ndama wao ndio walioangamia zaidi.

Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walipochanjwa, virusi vilikosa pa kujihifadhi, na kufikia miaka ya 1960 vilikuwa vimetoweka hata porini. Hakuna aliyewakimbiza nyumbu kuwadunga sindano! Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970.

Yaliyofuata ndiyo yanayonishangaza hasa. Nyumbu hula majani, na kundi kubwa likipita huyaacha mafupi kama yaliyofyekwa. Kiangazi kikifika, moto hukosa cha kuchoma. Awali, mche wa mgunga uliochipua katikati ya nyasi ndefu uliungua kabla haujarefuka. Moto ulipopungua, miche ilipona na miti ikaongezeka.

Ndiyo maana mwanafunzi anayechora mtandao wa chakula asisahau kuviweka virusi, ingawa havionekani kwa macho wala havimo katika himaya yoyote ya viumbe hai.

Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote, ikiwa ya pili baada ya ndui.