Radiatere ndogo ya shofaje ikivuja: tuibadilishe wenyewe, tusiiruke tu

Katika toleo hili tunaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tunaingia ndani ya kamioneti. Koperative nyingi tunazotembelea ziko na gari moja tu, ya zamani, yenye kubeba viazi, vitunguu, kahawa, wagonjwa, na siku ya soko hata wanamemba wenyewe juu ya magunia. Gari hiyo ikisimama wiki moja wakati wa mavuno, viazi vinaozea kwenye depo. Na katika magari tuliyoona yamesimama, mara nyingi ugonjwa ulianza na kitu kidogo: maji ya kupoza moteri yalikuwa yanapunguka pole pole, na hakuna mtu aliyejua yanaenda wapi, juu hayakuanguka chini ya gari. Yalikuwa yanaangukia ndani, kwenye miguu ya abiria.

Yanatoka kwenye radiatere ndogo ya shofaje. Kila mtu anajua ile radiatere kubwa ya mbele. Lakini iko na mtoto wake, mwenye ukubwa wa kitabu kinene, aliyefichwa nyuma ya tablo ya mbele, ndani ya kisanduku cha plastiki. Maji ya moto yanatoka kwenye moteri, yanapita katika durite moja, yanatoboa ule ukuta wa chuma unaotenga moteri na kabini, yanazunguka ndani ya radiatere ndogo, kisha yanarudi kwa durite ya pili. Vantilatere inapuliza hewa juu yake na hewa hiyo inaingia kwenye kabini ikiwa na moto. Ni hayo tu.

Kuna wenye kutuuliza: sisi hatuna barafu, shofaje ya nini? Mtu wa milima ya Lubero au ya Kalehe hawezi kuuliza hivyo. Saa kumi na moja asubuhi, mvua inanyesha, watu watatu wamebanana ndani ya kabini na nguo mbichi: kioo cha mbele kinafunikwa na mvuke na shofa anakipangusa kwa mkono huku akishika usukani kwa mkono wa pili. Barabara inateleza, upande mmoja ni bonde. Hewa kavu na ya moto ya shofaje ndiyo yenye kusafisha kile kioo. Tena iko faida ya pili ambayo mashofa wa zamani wanaijua: kwenye mlima mrefu, moteri ikianza kupanda moto, ukifungua shofaje mpaka mwisho na vantilatere kwa nguvu, unaondoa sehemu ya moto ule kwenye moteri. Mutaumia jasho ndani ya kabini, lakini munaweza kuokoa kulasi.

Namna ya kujua kwamba ndiyo yenye kuvuja

Harufu tamu-tamu ndani ya kabini, sawa vile ya sukari iliyoungua kidogo. Kioo cha mbele kinashika mvuke wenye mafuta-mafuta, ukipangusa kinabaki na alama. Tapi ya upande wa abiria iko mbichi, na ubichi wake unateleza kwenye vidole (maji ya mvua hayatelezi). Na katika chupa ya plastiki ya akiba, maji yanashuka kila wiki bila kuona tone chini ya gari. Magari mengi yetu yametoka nje yakiwa na usukani upande wa kuume, kwa hiyo musitafute tu upande ambao kitabu cha gari kingine kinaonyesha. Mufuate zile durite mbili kutoka kwenye moteri mpaka pale zinapoingia ukutani, radiatere iko nyuma yake.

Kama tapi ni kavu na maji yanapotea bado, na moshi mweupe unatoka kwenye eshapo hata moteri ikiwa imepata moto, hiyo ni habari ingine: juwen ya kulasi. Hiyo musiiguse wenyewe, muite mekanisie.

Kwa nini tunakataa kuiruka

Kawaida ya magaraji mengi, radiatere ndogo ikitoboka, ni kukata zile durite mbili na kuziunganisha kwa kipande cha tiyo, maji yarudi kwenye moteri bila kupita kabini. Dakika 20, kazi imekwisha, makuta kidogo. Hatusemi ni vibaya. Mukiwa njiani na mzigo, mufanye hivyo na mufike nyumbani. Ila muunganishe, musizibe: katika moteri nyingi ile njia ya shofaje inasaidia maji kuzunguka wakati termosta ingali imefungwa, na mukiziba kila upande kwa kipande cha mti mnaweza kuzuia mzunguko huo.

Ubaya wenyewe ni kwamba ule muunganisho wa siku moja unabaki miaka mitano. Shofa anabaki bila kitu cha kusafisha kioo, na komite inasahau juu gari inatembea. Kwa maoni yetu, gari yenye kubeba watu kwenye milima wakati wa mvua isiachwe hivyo kupita mwezi.

Na musitie yai, pilipili wala zile dawa za kuziba zinazouzwa katika vikopo. Ni kweli, wakati mwingine zinaziba tundu. Lakini tiyo za radiatere ndogo ni nyembamba sana, ndizo za kwanza kuziba zote, na nyuma yake radiatere kubwa.

Mbele ya kuanza

Piese kwanza. Musifungue gari mbele ya kuwa na radiatere mpya mkononi, ama sivyo kabini itabaki wazi mwezi mzima na skurubu zitapotea. Mupeleke sokoni jina la gari, mwaka na namba ya shasi. Ukinunua, angalia upande ambao tiyo mbili zinaelekea. Kuna zenye kufanana kabisa lakini tiyo zimegeuzwa. Ile ya zamani ikiwa ya shaba, fundi wa kulehemu kwa bati anaweza kuitengeneza. Ikiwa ya aliminiamu na vichwa vya plastiki, fundi wa bati hawezi.

Mununue tena metre mbili za durite ya kipimo kile kile, koliye nne, na likide ya kupoza. Durite za zamani zenye kupasuka-pasuka mukizirudisha juu ya radiatere mpya, mutarudia kazi.

Mambo mawili yanayowaondoa ninyi kwenye kazi hii. Gari ikiwa na klimatizasyo, na tiyo zake za gazi zinazuia kisanduku kutoka, musizifungue: gazi iko ndani kwa nguvu na inaunguza ngozi na macho. Na gari ikiwa na mifuko ya hewa ndani ya usukani na tablo, mumwachie mekanisie aliyeifundishwa. Magari mengi ya zamani ya kazi hayana hata kimoja, lakini muangalie.

Kazi yenyewe

Muhesabu siku mbili, watu wawili. Gari ilale usiku mzima ikipoa. Hatutachoka kusema: bushoni ya radiatere haifunguliwi moteri ikiwa na moto. Ndani yake maji yamebanwa, na ukifungua yanaruka yote kwenye uso.

Asubuhi mutoe waya wa batri, upande wa kutoa. Muweke beseni chini ya radiatere kubwa, mufungue bulo ya chini, likide itoke yote. Kisha mufuate durite mbili za ukutani. Mutie alama moja ya rangi kwenye durite ya juu, mbili kwenye ya chini. Zikikataa kutoka, musizivute kwa nguvu, zizungusheni. Zikikataa bado, mupasue kwa kisu kwa urefu, zinabadilishwa vyovyote. Mupulize kwa mdomo kupitia kitambaa katika tiyo moja ya ukutani ili maji yaliyobaki ndani yatokee kwa ingine, na musimeze. Mukiruka hatua hii, lita moja itamwagika ndani ya kabini.

Sasa ndani. Mutandike bashi juu ya viti. Mutoe kisanduku cha mbele ya abiria na vipande vya chini vya tablo. Kila mukitoa kipande, mupige picha kwa telefone, na skurubu zake muzitie katika kopo lake la tomate, na karatasi yenye kusema zilitoka fasi gani. Kuna magari ambayo radiatere inateleza na kutoka kwa pembeni baada ya skurubu chache; mukiwa na bahati, saa sita mumemaliza. Kuna mengine ambayo ni lazima tablo nzima itoke pamoja na nguzo ya usukani. Hapo ndipo tunashauri mumlipe mekanisie siku moja aje kwenye kiwanja chenu, ninyi mukimsaidia. Bado ni bei ndogo kuliko kuacha gari mjini.

Mukiitoa, muweke ya zamani na mpya sambamba chini na mupime: urefu, upana, unene, tiyo. Kisha mujaribu mpya mbele ya kuifunga. Muzibe tiyo moja, muitie ndani ya beseni la maji, mupulize polepole kwa pompi ya kinga kwenye tiyo ya pili. Mukiona mapovu, murudishe dukani siku ile ile.

Ndani ya kisanduku cha plastiki mutakuta majani, vumbi, pengine nyumba ya panya. Mutoe vyote, na muhakikishe kile kitundu cha kutolea maji chini hakijaziba. Muweke spongi kuzunguka radiatere mpya, sawa vile ya zamani ilivyokuwa, juu bila spongi hewa inapita pembeni bila kupata moto. Mufunge durite na koliye mpya. Lakini musirudishe tablo bado.

Likide, maji, na sumu

Kwa nini radiatere ilitoboka? Mara nyingi ni maji. Shofa anaongeza ya mto, kesho ya bomba, kesho kutwa ya Ziwa Kivu, ambayo yana chumvi nyingi kupita ya mvua. Chumvi na kutu vinakula chuma kutoka ndani. Likide ya kupoza iko na dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo inachoka. Kwa likide za kawaida za zamani wanashauri kubadilisha kila miaka miwili, kwa zingine musome bidoni. Mara nyingi ni nusu likide nusu maji, isipokuwa bidoni ikisema imekwisha kuchanganywa. Kwa maji, mukose ya duka mutumie ya mvua, yaliyokingwa juu ya mabati masafi nyuma ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Muangalie sana dukani: kuna maji safi ya kuongeza katika batri, na kuna asidi ya batri, na wauzaji wengine wanaita vyote viwili «maji ya batri». Asidi ikiingia katika moteri itaimaliza.

Bushoni nayo ibadilishwe ikiwa mpira wake umepasuka. Mtu wa bahari anachemsha maji kwa digrii 100. Kwenye mlima wa metre 2,000 yanachemka karibu digrii 93. Termosta nyingi zinafunguka kati ya 82 na 88. Munaona nafasi iliyobaki ni ndogo namna gani. Bushoni nzima, yenye namba 0.9 au 1.1, inabana maji mpaka yachemke juu ya digrii 110. Bushoni ya kitambaa na mfuko wa plastiki haibani kitu.

Sasa lile jambo la kutisha. Likide ile ni sumu na ni tamu. Mbwa, mbuzi, kuku wanaikunywa kwa kupenda. Ya rangi ya kijani au nyekundu ikiwa katika chupa ya limonade, mtoto anaona ni limonade. Isiwekwe hata dakika moja katika chupa ya kinywaji. Mtu akiinywa anaweza kuonekana mzima, au kama mlevi tu, kwa saa kadhaa, na figo zikawa zinaharibika. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na bidoni yenyewe, bila kungojea dalili. Ile ya zamani mliyoitoa ikae katika bidoni iliyofungwa na kuandikwa SUMU, ndani ya depo yenye kufuli, mbali na mbegu na chakula. Isimwagwe mtoni wala shambani.

Kujaza: gari isimame pua yake ikielekea juu ya mteremko, mawe nyuma ya magurudumu. Mufungue shofaje mpaka kwenye moto kabisa. Mumwage polepole mpaka ijae, murudishe waya wa batri, muwashe moteri bushoni ikiwa wazi, muongeze kila maji yakishuka, mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, moteri itapanda moto hata kama munaona imejaa. Mufunge bushoni, mungojee mpaka durite zote mbili za shofaje ziwe na moto mkononi. Moja ikiwa baridi, maji hayazunguki: kuna hewa bado, au robine ya shofaje haikufunguka.

Muiache iwake nusu saa, mukipitisha karatasi kavu chini ya radiatere mpya na kwenye kila koliye. Karatasi ikibaki kavu, sasa murudishe tablo, mukianza na picha ya mwisho mukirudi kwa ya kwanza.

Kesho yake asubuhi, moteri baridi, shofa aangalie kiasi katika chupa ya akiba na aongeze. Kisha aandike ndani ya kaye ya gari: tarehe, kilometa, ameongeza kiasi gani. Aendelee hivyo kila Siku ya Kwanza kwa wiki nne, na komite iisome ile kaye siku ya mkutano, kabla ya kukubali mzigo mkubwa wa kwanza.