Usukani Unauambia Nini Mkono?

Wazee wetu waliotupa neno "usukani" hawakuwa na motokaa. Walikuwa na majahazi, mashua na madau, na usukani kwao ulikuwa ule ubao wa tezini unaogeuzwa kwa kana. Motokaa ilipofika, watu hawakuona haja ya kutafuta jina jipya, kwani kazi ilikuwa ile ile ya kuelekeza chombo. Lakini liko jambo la pili ambalo vyombo hivyo viwili vinashirikiana, nalo husemwa mara chache. Mshika usukani hodari haelekezi tu, bali pia husikiliza kwa kiganja. Upepo ukizidi tangani, kana huvuta. Mkondo ukibadilika, kana hutetemeka. Naye huyajua hayo katika giza la usiku, kabla jicho halijaona kitu. Dereva wa motokaa naye huambiwa mengi kwa njia hiyo hiyo.

Tumeanza huko kwa sababu leo tunakusudia kuzungumzia mashine za kuigiza mbio za magari, ambazo vijana wa siku hizi huzipenda mno. Mchezaji hukaa kitini mbele ya kioo cha kompyuta, miguu juu ya pedeli, mikono juu ya usukani ambao ndani yake mna mota. Kazi ya mota hiyo ni kuurudishia mkono nguvu, ili aliyekaa pale ahisi kuwa ameshika gari lililoko barabarani. Baina ya wanaozitumia hauishi ubishi: je, hisia ile ni ya kweli? Wapo wanaodhani kwamba usukani mgumu zaidi ndio wa kweli zaidi. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Tena tunaiona kuwa na madhara, hasa kwa wakuu ambao siku moja wanaweza kuombwa kutoa fedha za umma kununua mashine kama hizo kwa ajili ya kufundishia madereva.

Yafaa kwanza ieleweke nguvu ile hutoka wapi katika gari halisi. Tairi hugusa barabara kwa eneo dogo, lisilopita sana kiganja cha mtu mzima. Dereva anapokata kona, mpira wa tairi hujipinda, na ile nguvu inayolisukuma gari kuingia konani haikai katikati ya eneo hilo, bali nyuma yake kidogo. Kwa sababu hiyo tairi hutaka kunyooka, na dereva huona usukani unamkatalia. Fauka ya hayo, watengenezaji huuinamisha ule mhimili ambao gurudumu hugeukia, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyoinama, na jambo hilo nalo huzidisha hamu ya gurudumu kurudi sawa. Hadi hapo hakuna la ajabu: ukikata zaidi, uzito unazidi.

La ajabu ni linalofuata. Dereva akiendelea kukata, sehemu ya nyuma ya eneo lile huanza kuteleza, na ile nguvu husogea mbele kuelekea katikati. Wakati huo tairi bado inashika barabara, tena inakaribia kilele cha uwezo wake, lakini usukani tayari umeanza kuwa mwepesi. Wepesi huo ndio onyo. Dereva mzoefu huupokea, akapunguza. Asiyezoea hudhani gari sasa limemtii, akazidi kukata, na magurudumu ya mbele yakaserereka hadi nje ya barabara. Watu hawa wawili hawakupitana kwa nguvu za misuli hata kidogo.

Basi kipimo cha mashine ya kuigiza ni hicho. Hatuulizi usukani wake unasukuma kwa nguvu gani. Twauliza kama unakuwa mwepesi pale pale ambapo gari la kweli lingekuwa jepesi, wala si baada ya hapo.

Historia ya vyombo hivi si fupi kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1976 kampuni ya Sega ilitoa mchezo wa pikipiki ambao mikono yake ilitetemeka kila ulipogongana na kitu. Huo ulikuwa mtetemo tu, haukubeba habari yoyote ya barabara. Mwaka 1989 kampuni ya Atari Games ilitoa Hard Drivin', mashine ya kwenye kumbi za michezo yenye klachi, gia, na usukani uliorudisha nguvu iliyopatikana kwa hesabu za mwendo wa gari. Katika kazi hiyo alishirikishwa Doug Milliken, mtaalamu wa elimu ya mwendo wa magari. Majumbani nguvu hiyo ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2006 Logitech ikatoa G25, wenye mota mbili na meno ya gia, uliozunguka nyuzi 900 kama usukani wa gari la kawaida.

Tumepata kushika usukani wa namna hiyo ya meno, na tumepata kushika ule ambao mota yake imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili, bila meno wala mkanda baina yake. Tofauti yao si ndogo. Katika ule wa kwanza mkono husikia meno yakisagana, na pale katikati, usukani unaponyooka, pana kipande kilichokufa kisichosema neno. Wa pili ni kimya na laini, hata kijiwe kidogo barabarani hukifikia kidole. Kwa hesabu, usukani wa meno kama Logitech G29 wa mwaka 2015 hutoa nyutoni-mita 2 na kidogo. Podium DD1 wa Fanatec ulitangazwa kwa nyutoni-mita 20, ambayo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 13 na ushee ukingoni mwa usukani wenye upana wa sentimita 30. Nguvu hiyo yaweza kuuteguza mkono, ndiyo maana mashine za daraja hilo huwekewa kitufe cha kuzima umeme kwa dharura. Mwenye watoto nyumbani alizingatie hilo.

Lakini ubora wa usukani wa pili hautoki katika zile kilo. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitoa CSL DD, wenye mota iliyofungwa moja kwa moja vile vile, ukiwa na nyutoni-mita 5 tu, au 8 kwa kuongezewa chombo cha umeme. Usukani huo mdogo husimulia barabara kwa ufasaha kuliko wa meno, kwa kuwa hakuna kinachosimama katikati na kuyachafua maneno.

Liko kosa linalofanywa na wengi, nalo ni kuipandisha nguvu hadi mwisho. Kila mota ina kikomo chake. Programu ikiagiza nguvu inayopita kikomo hicho, mota hutoa ile ile ya juu kabisa na kubaki hapo. Kona ya wastani na kona kali zikawa sawa mkononi, na wepesi ule wa onyo ukamezwa usionekane. Ni kama redio iliyofunguliwa hadi spika ikakoroma: kelele ipo, maneno hayasikiki. Halafu mwenyewe hujisifu kwamba usukani wake ni wa kiume!

Ama kuhusu ukweli wenyewe, hatuna budi kuuliza: ukweli wa gari gani? Magari ya IndyCar ya Marekani hayana chombo cha kumsaidia dereva kugeuza usukani, na madereva wake hutoka jasho jingi. Magari mengine ya mashindano, kama yale ya daraja la GT3, yanacho. Na magari madogo ya kisasa tunayopanda mjini, mengi yake yakiwa na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme, humnong'oneza dereva tu, na mengine hukaribia kunyamaza kabisa. Kijana aliyezoea mashine nzito akipanda gari la namna hiyo anaweza kulalamika kuwa halina hisia, nalo ndilo gari la kweli.

Fauka ya yote, mchezaji wa mashine amepungukiwa mwili. Ndani ya gari, mkia wa gari ukianza kuteleza, mgongo na sikio la ndani hujua kabla ya mkono. Kitini mbele ya kioo mgongo hauambiwi kitu. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wa programu huutwisha usukani habari zisizo zake, kama ngurumo ya injini na mtetemo wa kuteleza. Wengine hukataa, wakisema mkono upewe tu kile kinachopita kwenye vyuma vya usukani wa gari halisi. Watumiaji wa rFactor, mchezo wa mwaka 2005, walifika hadi kujitengenezea nyongeza iitwayo RealFeel, iliyokokotoa nguvu kutoka kwenye mikono ya magurudumu yenyewe. Sisi tunaelekea upande huo wa pili, ingawa tunakiri kwamba mtu aliyenyimwa mgongo hana kosa akitafuta msaada mahali pengine.

Jirani zetu wa Kenya wanayo sehemu katika kisa hiki. Richard Burns, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka 1998 na 2000, aliupa jina lake mchezo wa Richard Burns Rally wa mwaka 2004, ambao hadi leo husifiwa kwa namna unavyoonyesha tairi likihangaika juu ya changarawe. Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na njia za Kenya zimo pia katika mchezo wa EA Sports WRC wa mwaka 2023. Juu ya udongo ule tairi huteleza karibu wakati wote, na onyo la wepesi huja hafifu mno, ndiyo maana usukani unaopiga kelele haumsaidii mtu huko.

Asidhani mtu kwamba haya yote ni mchezo wa watoto. Lucas Ordóñez wa Hispania alishinda mwaka 2008 mashindano ya GT Academy, yaliyowachuja madereva kutoka katika mchezo wa Gran Turismo, na mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa walioshika nafasi ya pili ya daraja la LMP2 kule Le Mans. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mwaka 2011, na mwaka 2013 akawa miongoni mwa washindi wa tatu wa daraja hilo hilo. Ni kweli kwamba walifundishwa pia katika magari halisi kabla ya kuachiwa. Hata hivyo mkono ulikuwa umekwisha jifunza jambo.

Na hapo ndipo penye uzito kwetu sisi watu wa visiwani. Masika yakishika, barabara za Unguja na Pemba hufunikwa na maji, na tairi lililokwisha meno hupanda juu ya maji hayo na kuiacha lami. Usukani hulegea ghafla. Mwanafunzi wa udereva hafundishwi hali hiyo barabarani, kwani hakuna mwalimu mwenye akili atakayempeleka huko kwa makusudi. Mashine ya kuigiza ingeweza kumwonjesha mara mia bila kumjeruhi mtu. Lakini kama mashine hiyo imewekwa ipige kelele, mkono wa mwanafunzi utazoea kungoja kelele. Siku atakapokamata gari la kawaida, lenye usukani wa umeme unaonong'ona, atangoja onyo kubwa ambalo halitakuja, na gari litakuwa limekwisha toka barabarani.

Kwa hiyo afisa atakayeletewa mashine ya namna hii aikague asihadaike na ukubwa wa mota yake. Aombe awekewe gari dogo la kawaida, kona ndefu na barabara ya maji. Aende kwa mwendo wa wastani, akate usukani polepole huku amefumba macho, na mtu mwingine atazame kiooni. Atamke pale anapohisi wepesi. Kama mwenzake atakuwa ameliona gari likitoka kabla yeye hajatamka neno, mashine hiyo irudishwe ilikotoka.